Kuhama mbali kwa gari majira ya theluji: anza na siku za kusimama

Ukitaka kujua kama mpango wako wa kuhama kwa gari majira ya baridi una akili, jiulize swali moja: dhoruba ya theluji ikianza alfajiri ya siku ya kuondoka, nini kitaharibika ukikaa siku mbili zaidi? Kama funguo za nyumba ya zamani zinakabidhiwa leo mchana, kazi mpya inaanza keshokutwa, na chumba cha kulala njiani kimeshalipiwa bila uwezekano wa kurudishiwa, basi mpango huo utakusukuma barabarani siku ambayo hata wenyeji wa njia hiyo wamejifungia ndani.

Kwa hiyo kabla ya kugusa boksi hata moja, tenganisha tarehe tatu ambazo watu hupenda kuzibana ziwe moja: ya kuacha nyumba ya zamani, ya kupokea nyumba mpya, na ya kuanza kazi au shule. Ukiweza kulipia nyumba zote mbili kwa wiki moja, lipia. Hakuna kifaa cha dukani kinachopunguza hatari kama wiki hiyo. Kipimo tunachokitumia ni siku moja ya akiba kwa kila siku mbili za kuendesha, na zisipungue mbili hata safari ikiwa fupi. Vyumba vya kulala viwe vya kukubali kufutwa au kusogezwa hadi siku yenyewe. Tena uwe umeshaandika pembeni jina la mji mmoja wenye malazi katikati ya kila kipande cha safari, maana dhoruba ina tabia ya kukukuta kilomita 150 kabla ya pale ulipopanga kulala.

Muda unaotolewa na ramani ya simu ni wa barabara nzuri na gari jepesi. Uongezee nusu yake. Halafu hesabu siku kwa kufuata mwanga wa jua. Mwishoni mwa Desemba, mahali palipo nyuzi 50 kaskazini ya ikweta jua huonekana kwa muda wa saa 8 hivi. Ukifika nyuzi 60 muda huo haufiki hata saa 6. Chukua hizo saa 8, toa mapumziko ya dakika 20 kila baada ya saa mbili, toa nusu saa ya kujaza mafuta na kusafisha taa, unabaki na saa sita na nusu za kuendesha. Kwa wastani wa kilomita 65 kwa saa, ambao gari lililojaa huweza kuushikilia barabara ikiwa na theluji hapa na pale, hizo ni kilomita 420. Panga 400. Anayepanga 800 kwa siku moja kwa sababu kiangazi aliziweza, saa sita za mwisho atazimalizia gizani, amechoka, barafu ikiganda upya barabarani.

Njia

Chagua barabara kuu hata kama ina kona ya kilomita 100 za ziada. Barabara kuu ndizo zinazopitiwa kwanza na magari ya kusukuma theluji na kumwaga chumvi, na ukikwama huko utaonekana. Kama njia inapanda mlima, tafuta mapema njia ya pili inayozunguka bondeni, na uijue kabla ya kuondoka, kwa sababu barabara za milimani hufungwa ghafla na mtandao wa simu huko ni wa kubahatisha. Pakua ramani zisizohitaji intaneti.

Utabiri wa hali ya hewa uangaliwe kwa sehemu tatu: unakotoka, unakokwenda, na sehemu ya juu kuliko zote katikati. Joto hupungua kwa wastani wa nyuzi 6.5 za Selsiasi kwa kila mita 1,000 unazopanda. Mvua ya kawaida bondeni kwenye nyuzi 4 ni theluji nzito mita elfu moja juu yake. Na usidhani baridi kali ndiyo hatari kubwa. Barafu iliyo karibu na sifuri, yenye utando mwembamba wa maji juu, huteleza kuliko ile ya nyuzi 20 chini ya sifuri. Siku mbaya kuliko zote ni ya mvua inayoganda ikigusa lami. Siku hiyo hakuna tairi wala dereva, unalala ulipo.

Upande wa pili nao una mtego wake. Chumvi ya kawaida inayomwagwa barabarani hufanya kazi polepole mno joto likishuka chini ya nyuzi 10 hivi chini ya sifuri. Ukiona barabara imekwanguliwa vizuri na bado inang'aa asubuhi ya baridi kali, mng'ao huo ni barafu ambayo chumvi imeshindwa kuila.

Sheria za matairi hutofautiana. Quebec, Kanada, inataka matairi ya baridi kuanzia Desemba 1 hadi Machi 15. Uswidi inayataka Desemba 1 hadi Machi 31 barabara zikiwa na hali ya baridi. Ujerumani haina tarehe, inaangalia hali ya barabara. Kwenye baadhi ya barabara za milimani utazuiwa usipokuwa na minyororo ya tairi ndani ya gari. Angalia kila eneo utakalopita, pamoja na lile unalopita kwa saa mbili tu. Na ipigie simu bima: bima ya gari aghalabu hailipi vyombo vya nyumbani vilivyomo ndani yake.

Gari, wiki tatu kabla

Wiki tatu, kwa sababu baridi ya kwanza ikipiga, mafundi wa matairi na betri hujaa kwa siku nyingi.

Matairi ya baridi yanatengenezwa kwa mpira unaobaki laini chini ya nyuzi 7. Tairi la kiangazi kwenye joto hilo hukakamaa na kupoteza mshiko hata lami ikiwa kavu. Tafuta alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Herufi M+S (matope na theluji) peke yake ni tamko la mtengenezaji kuhusu kashata za tairi. Haimaanishi kwamba tairi limepimwa kwenye theluji. Sheria nyingi zinakubali kina cha kashata cha milimita 1.6, lakini kwa theluji usikubali chini ya 4. Umri unausoma ubavuni, kwenye tarakimu nne za mwisho za msimbo wa DOT: 3521 ni wiki ya 35 ya mwaka 2021. Funga manne ya aina moja. Wanaobana matumizi kwa kufunga mawili mbele hupata gari linaloshika vizuri mbele na kuzungusha mkia kwenye kona ya kwanza yenye barafu. Baada ya kufunga, endesha kilomita 50 hadi 100 kisha kaza nati upya.

Upepo wa tairi hupungua kwa takriban psi 1 (kipimo cha shinikizo la upepo) kwa kila nyuzi 5 au 6 za kushuka kwa joto. Gari lililojazwa upepo kwenye gereji yenye nyuzi 15, likifika kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri, limeshapoteza psi 5 bila kutoboka popote. Wakati huohuo limebeba nyumba nzima, hivyo linahitaji upepo mwingi kuliko kawaida. Kibandiko cha mlangoni kwenye magari mengi huandika vipimo viwili, cha abiria wawili na cha mzigo kamili. Fuata cha pili, na upime asubuhi kabla gari halijatembea.

Betri kwenye nyuzi 0 hutoa kama theluthi mbili tu ya nguvu yake, na kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri haifikishi hata nusu, huku oili iliyogandamana ikifanya injini iwe nzito kuzunguka. Betri iliyojaa na iliyopumzika usiku kucha husoma volti 12.6 hivi; 12.2 maana yake imebaki nusu. Ikiwa na miaka mitano, ibadilishe tu hata kama inawasha. Maji ya rejeta yakichanganywa nusu kwa nusu na dawa ya kuzuia kuganda huhimili hadi nyuzi 37 hivi chini ya sifuri. Usimwage dawa tupu ukidhani unajilinda zaidi, maana ikiwa peke yake huganda mapema kuliko mchanganyiko, karibu na nyuzi 13 chini ya sifuri. Fundi ana kipimo cha kujua mchanganyiko ukoje. Ni kazi ya dakika mbili. Maji ya wipa yawe ya kuhimili angalau nyuzi 20 chini ya sifuri, na ubebe galoni moja ya akiba kwa sababu chumvi ya barabarani itayamaliza kwa siku moja. Ukijaza juu ya maji ya kawaida yaliyokuwemo umeyazimua, kwa hiyo pampu kwanza hadi tangi liishe.

Dizeli inahitaji neno la peke yake. Dizeli ya majira ya joto huanza kutoa nta karibu na nyuzi sifuri au chini kidogo, nta inaziba chujio, na gari linazima likiwa na tangi lililojaa. Ukitokea eneo lenye joto, usiingie eneo la baridi na tangi zima la dizeli ya huko. Panga ulifikie likiwa limeshuka, ujaze kwenye kituo cha kwanza cha upande wa baridi, kisha uendeshe kidogo ili mafuta mapya yafike kwenye chujio kabla ya kulaza gari. Baada ya hapo kanuni ni moja kwa petroli na dizeli: tangi likifika nusu, jaza. Gari la umeme lihesabie kupungua kwa umbali kwa robo hadi theluthi, baridi ikizidi hata zaidi, na boksi la juu ya paa linaongeza hasara. Weka kituo cha kuchajia kwenye mfumo wa ramani wa gari ili lipashe betri njiani, la sivyo utasubiri mara mbili ya muda uliozoea.

Uzito

Sehemu hii ndiyo inayopuuzwa kuliko zote, na ndiyo inayofanya ushauri mwingine wote wa baridi ufanye kazi au ushindwe.

Kila gari lina uzito wa juu unaoruhusiwa likiwa na kila kitu ndani. Umeandikwa kwenye kibandiko cha mlango, kibao cha chini ya boneti au kadi ya gari. Toa uzito wa gari tupu. Kinachobaki ni cha watu na mizigo kwa pamoja, na kwa magari mengi ya familia ni kilo 400 hadi 500. Watu wazima wawili na watoto wawili wanakula 220. Mbwa, keria, minyororo, beleshi na maji ya wipa ni 50 nyingine. Zinabaki kama 130 hadi 230, na boksi moja la vitabu la lita 60 lina kilo 30 au zaidi. Hesabu inaisha kabla ya sebule. Pima kila boksi kwa mizani ya bafuni, andika kilo juu yake kwa kalamu nene, jumlisha. Kama kuna mizani ya magari karibu, pitisha gari likiwa limejaa.

Mahali uzito unapokaa ni muhimu kama wingi wake. Gari lenye gurudumu la mbele kwenda la nyuma mita 2.7, ukiweka kilo 100 za vitabu sentimita 80 nyuma ya ekseli ya nyuma, mzigo huo unafanya kazi kama wenzo: ekseli ya nyuma inaongezewa kilo 130 na ya mbele inapunguziwa 30. Kama gari lako linavutwa na magurudumu ya mbele, umepunguza uzito palepale unapohitaji mshiko wa kupandia kilima na kukatia kona. Dalili zake ni usukani mwepesi kuliko kawaida, magurudumu ya mbele kuzunguka bure kwenye mwinuko mdogo, na madereva wanaokuja mbele kukuwashia taa kwa sababu taa zako zinawapiga machoni. Dawa ni kuweka vitu vizito chini, vikigusa mgongo wa kiti cha nyuma, au kulaza kiti hicho na kuvileta mbele ya ekseli. Nguo, mito na blanketi ndivyo vya kukaa mwishoni kabisa mwa buti. Kisha shusha taa kwa kitufe cha kurekebisha urefu. Magari mengi kinakaa kushoto au kulia ya usukani na watu huendesha miaka bila kukigusa.

Usipange juu ya mgongo wa viti bila wavu au ukuta. Kwenye ajali ya kilomita 50 kwa saa, kitu kisichofungwa hurushwa mbele kwa nguvu ya mara 30 hadi 50 ya uzito wake, na blenda ya kilo 4 ikikupata kisogoni kwa nguvu hiyo, mjadala umeisha. Mikanda ya kukazia ifungwe kwenye pete za sakafuni za gari. Mishikio ya mkono ya dari ni ya mtu, haihimili mzigo.

Paa lina kikomo chake, mara nyingi kati ya kilo 50 na 100, na humo umo uzito wa keria na boksi lenyewe, ambalo tupu lina kilo 15 hadi 25. Weka vitu vikubwa vyepesi tu. Mzigo wa juu hupandisha kitovu cha uzito, na upepo wa pembeni ukikupiga darajani kwenye barafu utaona tofauti mara moja.

Tela? Kama unaweza kuliepuka wakati wa theluji, liepuke. Tuma maboksi kwa wasafirishaji nawe uendeshe gari jepesi. Ukilazimika, karibu asilimia 60 ya mzigo ikae mbele ya ekseli ya tela, bila kuzidisha kikomo cha uzito kilichoandikwa kwenye ndoano. Tela lililolemea nyuma huanza kuyumba kama mkia wa samaki. Likianza, ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani sawa, usikanyage breki za gari na usijaribu kulifukuza kwa usukani. Kwenye mteremko wenye barafu tela lisilo na breki zake husukuma gari kutoka nyuma hadi vyote viwili vikajikunja, kwa hiyo ingia kila mteremko ukiwa tayari kwenye gia ndogo. Matairi ya tela nayo yaangaliwe. Wengi hufunga mapya kwenye gari na kuliacha tela na kipara.

Vitu ambavyo baridi huviua

Maji yakiganda huongezeka kwa asilimia 9 hivi. Tafsiri hiyo kwa vyombo vya nyumbani: chupa za kioo zenye kimiminika zinapasuka, na kila mashine inayopitisha maji inaweza kupasuka ndani bila kuonekana. Mashine ya kufulia huwa na maji kwenye pampu hata ukidhani ni kavu. Fungua kifuniko kidogo cha chini mbele, weka sinia, toa chujio, yamwagike, kisha inamisha mipira ya maji yote. Rudisha boliti za kusafirishia zinazoshika pipa. Bila hizo pipa litagonga bodi safari nzima. Pasi ya mvuke, mashine ya kahawa na tangi la samaki vinafuata utaratibu uleule.

Rangi ya ukuta ya maji ikiganda huweza kuharibika, iache. Insulini iliyoganda haitumiki hata ikiyeyuka na kuonekana safi. Isafiri kwenye mkoba unaokaa mwilini au kwenye sehemu ya abiria, kamwe isiachwe garini usiku. Betri za lithiamu, za baiskeli au za zana, zisichajiwe zikiwa chini ya nyuzi sifuri. Gitaa na ala nyingine za mbao legeza nyuzi zake kidogo, zikae ndani ya kasha lililofungwa, na mkifika lisifunguliwe mpaka lenyewe limepata joto la chumba. Mimea hufa kwenye buti ndani ya saa chache. Ifunike karatasi, ikae upande wa abiria, na kama unavuka mpaka wa nchi uliza kwanza, kwa sababu mingi hairuhusiwi kuingia. Skrini zisimame wima. Mitungi ya gesi haiingii garini kabisa.

Fungasha ndani ya nyumba ikiwa bado na joto. Tepu ya gundi ikibandikwa kwenye baridi haishiki, na boksi litafumuka chini wakati umelinyanyua. Makontena ya plastiki ya bei rahisi hukakamaa na kupasuka ukiyagonga kwenye baridi kali. Maboksi ya karatasi yakiwekwa chini juu ya theluji kwa dakika kumi yamelowa, kwa hiyo tandaza turubai au mbao mlangoni.

Kuna fungu moja lisilofungashwa na mengine: beleshi fupi, mchanga au changarawe ya choo cha paka isiyogandana kilo 10, nyaya za kubusti na pawabenki ya kuwashia gari, kamba ya kuvutia, minyororo, kikwangulio, brashi ya theluji, taa ya kichwani, glavu kavu jozi mbili, blanketi moja kwa kila mtu, chaja ya simu, maji ya kunywa kwenye chupa zisizojazwa hadi juu. Hivi vyote vikae pale unapoweza kuvifikia kwa mkono ukiwa kitini, au juu kabisa mlangoni mwa buti. Beleshi lililo chini ya kabati ya vitabu halipo. Minyororo ifunge na kuifungua mara mbili ukiwa nyumbani, kwenye magurudumu yanayovuta, ujue inavyopinda. Njiani, baada ya kuifunga endesha mita mia moja hivi, simama, kaza tena. Na usizidi kilomita 50 kwa saa.

Nyumba unayoiacha, funga maji kwenye koki kuu na fungua mabomba yamwagike. Kama bado iko mkononi mwako, acha joto la angalau nyuzi 13, maana bomba likipasuka ndani ya ukuta wiki ile ya katikati, ni wewe utakayeulizwa.

Siku ya kuendesha

Ondoa theluji yote juu ya gari, paa zima. Ukiiacha, breki ya kwanza baada ya hita kupasha dari itaiteremsha nzima kwenye kioo cha mbele. Usimwage maji ya moto kwenye kioo. Watoto wavuliwe makoti mazito kabla ya kufungwa mkanda. Koti lenye manyoya ndani hubonyea kwenye ajali na mkanda unabaki umelegea. Mfunge kwanza, koti lifunikwe juu yake. Kioo kikifanya ukungu, washa kiyoyozi pamoja na hita na zima mzunguko wa hewa ya ndani. Kiyoyozi hukausha hewa, ndiyo kazi yake hapa.

Umbali wa breki uufahamu kwa namba. Kwenye kilomita 80 kwa saa, lami kavu inakusimamisha kwa mita 36 hivi baada ya breki kushika. Theluji iliyoshindiliwa inataka kama mita 125. Barafu inataka 250. Ukishuka hadi 50 kwa saa, barafu hiyohiyo inataka mita 100 tu, kwa kuwa umbali hukua kwa mraba wa mwendo. Kupunguza mwendo ndiyo breki pekee ambayo barafu haiwezi kukunyang'anya. Usitumie mfumo wa kushikilia mwendo wenyewe. Madaraja huganda kabla ya barabara nyingine kwa sababu baridi inayapiga juu na chini. Pita bila kugusa breki wala mafuta. Lami inayoonekana imelowa lakini magari ya mbele hayarushi matone, na sauti ya matairi ikanyamaza ghafla, ni barafu nyeusi.

Ukikwama, usizungushe magurudumu kwa nguvu. Yanapasha theluji na kuisugua iwe kioo. Chimba mbele ya magurudumu yanayovuta, mwaga mchanga, zima mfumo wa kuzuia kuteleza kwa muda, ondoka na gia ya pili taratibu. Ikishindikana na hakuna msaada karibu, baki na gari. Kabla ya kuwasha injini kila mara, fukua theluji kwenye bomba la moshi, maana likiziba moshi wenye sumu isiyo na harufu huingia ndani na kukulaza usiamke. Washa dakika 10 kwa kila saa, dirisha la upande usiopigwa na upepo likiwa wazi kidole kimoja. Gari la kawaida likiunguruma bila kutembea hula kama lita moja kwa saa, ndiyo maana nusu tangi ni usiku mzima wa joto.

Usiku, ukiegesha, zima wipa kabla ya kuzima injini, uziinue. Acha gari kwenye gia, au kwenye P (ya kuegesha) kama ni la otomatiki. Breki ya mkono ya waya iliyoloa inaweza kuganda ikashika hadi asubuhi. Nyaraka, dawa, kompyuta na ala ingiza ndani.

Mkifika

Hita na maji ya nyumba mpya yawe yamewashwa siku moja kabla, na mtu awe amefukua njia ya kuingilia. Ingiza kwanza vitu vinavyodhurika, halafu usiviwashe. Televisheni au kompyuta iliyolala kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri ikiingia kwenye chumba cha joto, unyevu wa hewa hutonea juu ya saketi zake. Iache ndani ya boksi lake lililofungwa hadi kesho yake. Mashine ya kufulia isubiri mpaka chuma chake kisiwe baridi mkononi, toa boliti za pipa, na mzunguko wa kwanza uwe mtupu, ukiwa umesimama hapohapo na taa kuangalia chini. Friji iliyosafiri imelazwa isimame saa kadhaa kabla ya kuchomekwa. Gari nalo lioshwe chini, kwenye matao ya magurudumu na mabomba ya breki, siku ya kwanza joto litakapopanda juu ya sifuri.